Dodoso la PedsQL kwa mtoto aliyeumia ubongo: maoni ya mama mmoja wa Umoja

Kama mtoto wako aliumia kichwa, akalazwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na sasa kila mtu anakwambia amepona ilhali wewe unayeishi naye unaona bado, uliza kliniki mnayohudhuria kama wana dodoso linaloitwa PedsQL. Ni karatasi za maswali, halitibu chochote. Lakini kwa binti yangu ndilo lililowafanya watu wazima waanze kuzungumza juu ya shida aliyo nayo kweli. Mimi nalipatia nyota nne kati ya tano. Nitaeleza zile nne na ile moja iliyobaki, kwa sababu nilitafuta maoni ya mzazi mwenzangu kwa Kiswahili kabla ya kwenda, nikakosa.

Binti yangu ana miaka 10, yuko Gredi ya 5. Aligongwa na boda boda akivuka barabara huku kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi. Alipofikishwa hospitali walimpima kwa mizani ya Glasgow, ile inayoangalia kama mgonjwa anafungua macho, anaongea na kusogeza viungo. Alama za juu kabisa ni 15, za chini ni 3. Yeye alipata 11. Kuanzia 13 huhesabiwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini jeraha baya. Mizani hiyo ilitungwa na madaktari Teasdale na Jennett mwaka 1974, na kazi yake inaifanya vizuri: kumwambia daktari usiku ule ubongo uko katika hali gani na afanye haraka kiasi gani. Lakini haiwezi kukuambia mtoto atakuwaje miezi sita baadaye akiwekewa hesabu za sehemu mbele yake.

Na hapo ndipo tulipokwama. Kidonda kilipona, nywele zikaota juu ya kovu, akatembea, akakimbia. Kwenye kliniki ya mwisho daktari alimwambia asimame kwa mguu mmoja, aguse pua kwa kidole, afuate kalamu kwa macho. Akafanya vyote. Kwenye faili ikaandikwa anaendelea vizuri, na tukaambiwa turudi tukiona tatizo.

Tatizo tulikuwa tunaliona kila siku, ila hatukujua linaitwaje. Ukimtuma nyanya, dania na kibiriti, anarudi na nyanya. Akitoka shule anaangusha begi mlangoni, analala na sare yake na viatu miguuni, na ukimwamsha ale ni vita. Huyu ni mtoto ambaye kabla ya ajali ndiye aliyekuwa akinikumbusha mimi siku ya kulipa maji. Shuleni wakaniambia amekuwa mvivu na mkaidi. Shosho yake akasema ni hofu ya ajali, itamtoka. Mimi nilijua si uvivu, lakini kujua kwa mama hakuandikwi kwenye faili.

Mama mmoja tunayesali naye, ambaye mwanawe pia aliumia, akanielekeza kwa mtaalamu wa O.T., wale wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku. Ni chumba kidogo ghorofani, kipindi kimoja shilingi 1,500, na dodoso lilikuwa ndani ya bei hiyo. Hakuna foleni ya kutisha na hakuna mtu anayekuharakisha. Mtaalamu mwenyewe ni dada mpole, lakini ana msimamo. Nilipoanza kumjibia mtoto, alinigeukia akaniambia, "Mama, yako iko hapa. Hii ni yake." Akanipa fomu yangu na kiti upande wa dirishani, kisha akaketi na binti yangu mezani wakipeana migongo na mimi.

Sasa niwaeleze kitu chenyewe. PedsQL ilitungwa Marekani na mwanasaikolojia James Varni pamoja na wenzake, na toleo tulilotumia, la 4.0, lilichapishwa mwaka 2001. Halikutungwa kwa ajili ya ubongo peke yake. Ni la watoto wote, wagonjwa na wazima, ndiyo maana laweza kukuonyesha mtoto wako yuko wapi akilinganishwa na wengine. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walilijaribu kwa watoto walioumia ubongo wakaona linafaa. Lina maswali 23: manane ya mwili, matano ya hisia, matano ya kuelewana na wenzake, na matano ya shule. Kila swali linauliza jambo fulani limekuwa tatizo mara ngapi katika mwezi mmoja uliopita, na majibu ni matano, kuanzia kamwe hadi karibu kila wakati. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 anasomewa, naye anajibu kwa kuonyesha mojawapo ya nyuso tatu, ya kucheka, ya kawaida na ya huzuni. Kwa wa miaka 2 hadi 4 anajibu mzazi peke yake. Kuanzia 8 mtoto anajaza mwenyewe, ingawa wangu alisomewa, kwa sababu mistari mingi kwenye ukurasa mmoja inamchosha.

Hesabu yake ni rahisi na iko wazi, na mimi ni karani wa hesabu kwa duka la spea Kirinyaga Road, kwa hiyo hilo nililipenda mno. Kamwe ni 100, inayofuata 75, halafu 50, 25, na karibu kila wakati ni 0. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Alama ya juu ni maisha bora zaidi. Dada yule alipiga hesabu mbele yetu, kwa kalamu, na nikaomba nakala.

Hizi ndizo alama za binti yangu alizojipa mwenyewe mara ya kwanza: mwili 75, hisia 55, wenzake 65, shule 20. Jumla yote, kama 57. Mimi nilimpa mwili 87.5, hisia 50, wenzake 80, shule 40, jumla kama 67.

Tazameni pale kwa wenzake. Mimi nampa 80 kwa sababu kila jioni namwona yuko na wasichana wa ploti wakicheza bladda, ule mchezo wa kuruka mpira ulionyooshwa miguuni mwa wenzako, na mtu aliyesimama katikati ya kundi la watoto wanaocheka huwezi kusema yuko peke yake. Yeye alipoulizwa kama kuna vitu watoto wa rika lake wanaweza kufanya na yeye hawezi, akamwambia dada, "Anti, bladda nasahau hatua. Wanasema nishike tu." Yaani jioni nzima amesimama na mpira umezunguka miguu yake, wengine wakiruka. Zamu yake ya kuruka haifiki. Hiyo ilitoka kwa swali moja, lililoulizwa polepole na mtu asiyekuwa mama yake.

Nimesoma kwamba jambo hili ni la kawaida kwa dodoso hili na mengine kama hilo: mzazi na mtoto hukubaliana zaidi kwenye mambo yanayoonekana, kama kutembea na kuoga, na hutofautiana kwenye hofu, huzuni na urafiki. Kwa hiyo kliniki ikikupa fomu ya mzazi tu na mtoto wako ana miaka 5 au zaidi, omba na yake. Usikubali kuambiwa mtoto hataelewa. Wakati huohuo, usiitupe fomu yako wewe. Jeraha la ubongo, hasa likigusa sehemu ya mbele, laweza kumfanya mtu asione mabadiliko yake mwenyewe. Mtoto atasema hakasiriki kamwe na mlango wa chumbani umevunjwa bawaba. Wangu alijipa hisia 55, mimi nikampa 50. Hapo tulikaribiana, na pale tulipoachana ndipo dada alipotumia muda mwingi zaidi kutuuliza.

Kitu cha pili kizuri ni nyongeza yake ya uchovu. Watunzi hao hao wana dodoso la uchovu lenye maswali 18, sita ya uchovu wa jumla, sita ya usingizi na mapumziko, na sita ya uchovu wa akili. Haya ya mwisho ndiyo niliyatamani yawe ya lazima kwa kila mtoto aliyeumia kichwa. Yanauliza kama ni vigumu kukumbuka alichoambiwa sasa hivi, kufikiri haraka, kukumbuka zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Niliposoma hilo la mwisho nilikumbuka nyanya, dania na kibiriti. Alama yake ya uchovu wa akili haikufika 17 kati ya 100. Uchovu wa jumla ulikuwa karibu 50. Maana yake mwili unachoka kiasi, lakini akili imechoka kabisa, na hilo ndilo linalomwangusha mlangoni na viatu. Uvivu hauwi na umbo hilo.

Dada alinieleza hivi: ubongo ulioumia hufanya kazi ileile kwa nguvu zaidi. Darasa lenye watoto wengi na kelele, mwalimu anayetoa maagizo matatu kwa pumzi moja, vyote hivyo mtoto mwingine anavichuja bila kujua. Wangu anavichuja kwa jasho. Tena ubongo wa mtoto haujamaliza kukua, na sehemu ya mbele huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo madhara mengine hujitokeza baadaye, masomo yanapokuwa magumu na watu wanapotarajia ajipange mwenyewe. Kwa hiyo kupima mara moja ukasahau hakutoshi.

Sasa malalamiko, na haya nayasema kama mtu anayeshika kalamu ya hesabu kila siku.

Kwanza ile alama ya jumla. Mtu akikuandikia kwenye ripoti kwamba mtoto ana 57 na kuishia hapo, hajakuambia kitu. Maswali manane ya mwili yanavuta jumla juu kwa mtoto anayetembea vizuri, na shule ya 20 inazama mle ndani isionekane. Daima omba zile alama nne moja moja.

La pili ni kubwa zaidi, na sijaona likitajwa. Kati ya maswali matano ya shule, matatu ni ya akili na masomo: kusikiliza darasani, kusahau vitu, kwenda sambamba na kazi. Mawili ni ya kukosa shule, moja kwa sababu ya kutojisikia vizuri, moja kwa sababu ya kwenda kwa daktari au hospitali. Mara ya kwanza tulipojaza, mtoto alikuwa hospitali kila wakati, kwa hiyo swali hilo lilikuwa 0. Tuliporudia muhula uliofuata, kliniki zilikuwa zimepungua. Shule ikapanda kutoka 20 hadi 40, na jumla ikatoka 57 hadi 63. Kila mtu kwenye chumba akafurahi. Watunzi wenyewe walikadiria kwamba badiliko la jumla la kama alama 4.4 kwa majibu ya mtoto ndilo dogo kabisa la kutiliwa maanani, na hili letu lilikuwa limepita hapo.

Nikaomba karatasi zote mbili nizilinganishe mstari kwa mstari. Kusikiliza: 0, na tena 0. Kusahau: 25, na tena 25. Kwenda sambamba: 25, na tena 25. Kupanda kote kwa upande wa shule kulitoka kwenye maswali mawili ya kukosa shule. Nikijumlisha pointi zote zilizoongezeka katika maswali 23 nilipata 150, na 100 kati ya hizo ni za hayo mawili. Hasira zilikuwa zimepungua kidogo na nguvu za mwili zimeongezeka kidogo, na namshukuru Mungu kwa hayo. Lakini darasani mtoto alikuwa palepale. Kama ningepokea jumla peke yake, tungepunguza msaada wa shule wakati ambapo haukuwa umefanya lolote bado. Dada alikubali papo hapo na akaandika matokeo ya maswali yale matatu kando kwa wino mwekundu. Wazazi, ombeni karatasi, si alama tu.

La tatu ni kalenda. Maswali yanauliza mwezi uliopita. Ukipewa tarehe katikati ya Aprili, Agosti au Desemba, shule zimefungwa, na yale matano ya shule hayana kitu cha kujibu. Mtoto atabahatisha, au mtaacha wazi, na kanuni ya dodoso ni kwamba zaidi ya nusu ya maswali ya sehemu moja yakikosa majibu, sehemu hiyo haipigiwi hesabu. Sehemu mnayoihitaji kuliko zote ndiyo mtakayoikosa. Omba tarehe muhula ukiwa umeshika kasi, si wiki ya ufunguzi.

La nne ni kwamba hakuna aliyempima binti yangu kabla ya ajali, wala wako hakupimwa. Wengine humwomba mzazi ajaze fomu nyingine akikumbuka mtoto alivyokuwa. Fanyeni hivyo mapema iwezekanavyo baada ya ajali. Kadiri siku zinavyopita ndivyo mtoto wa zamani anavyozidi kuwa malaika katika kumbukumbu zetu, na alama za sasa zitaonekana mbaya kuliko zilivyo.

Kuna vipimo vingine mtakavyosikia. Upo mmoja wa hospitali ya King's ya London wa mwaka 2001, KOSCHI, unaompanga mtoto katika madaraja matano, la kwanza kifo na la tano kupona vizuri. Unajazwa na mtaalamu. Kwa daraja hilo binti yangu angeweza kabisa kuandikwa 5a, kupona vizuri na dalili ndogo zilizobaki, na isingekuwa uongo. Ila wanaoishi na hizo dalili ndogo ni yeye na mimi. Ujerumani nako kumetengenezwa dodoso la jeraha la ubongo hasa, QOLIBRI-KID/ADO, kwa watoto na vijana wa miaka 8 hadi 17. Sijakutana nalo Nairobi. PedsQL ndilo tulilolipata, na likiongezwa lile la uchovu linafika mahali pazuri.

Nije kwa kilicholifanya liwe na thamani. Niliipeleka nakala shuleni, ile ya uchovu juu. Sikwenda kugombana. Nilimwomba mwalimu wa darasa dakika chache, nikamwonyesha mstari wa kukumbuka zaidi ya kitu kimoja. Akanyamaza akisoma, kisha akasema, "Mama, kumbe ninapomwambia atoe kitabu, aandike tarehe na afungue ukurasa, nimeshampoteza?" Ndiyo, Mwalimu, umeshampoteza. Tangu siku hiyo anampa agizo moja, anasubiri, anampa la pili. Amemhamishia dawati la mbele mbali na dirisha la uwanjani. Kazi ya nyumbani anapewa nusu. Baada ya chakula cha mchana anaruhusiwa kulaza kichwa dawatini na hakuna anayemwita mvivu. Hakuna hata kimoja hapo kilichohitaji pesa.

Kwa msaada rasmi, dodoso hili peke yake halitoshi. Utahitaji kwenda vituo vya tathmini ya elimu, EARC, au pale KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, mtoto apimwe mahitaji yake ya masomo. Anzeni mapema, kwa sababu KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada kwenye mitihani, na wangu anakaribia Gredi ya 6. Lakini nendeni na hizi karatasi mkononi. Badala ya kusema "anasahausahau", unaweka mezani majibu ya mtoto mwenyewe ya mihula miwili.

Ile nyota niliyoizuia ni ya hiyo jumla na yale maswali mawili ya kukosa shule. Kwa huduma ya yule dada, namna alivyomsomea mtoto taratibu, alivyomruhusu apumzike katikati na kunywa maji, na alivyotufafanulia kila alama kabla hatujatoka, ningempa tano bila kusita. Dodoso hilohilo mikononi mwa mtu mwenye haraka, anayelijazia kwenye benchi mzazi akijibu kwa niaba ya mtoto, lingetoa alama zangu mimi, na ile habari ya bladda isingejulikana na mtu.

Tunarudia muhula ujao, katikati ya muhula. Nimeshaomba yote mawili, la maisha na la uchovu, na nimeomba tuanze na maswali yale matatu.